Nyaya ndo ndege yenyewe: niliyojifunza kwenye kuunda modeli ya BE2c

Watu wengi wakiiona ndege ya zamani ile ya mabawa mawili, moja juu lingine chini, macho yao yanaenda kwenye propela, kwenye rubani aliyekaa wazi kichwa nje, labda na bunduki kama ipo, zile nyaya zilizopitapita katikati ya mabawa wanazichukulia kama urembo au kitu cha kumalizia tu. Na wanaojenga modeli wengi nao wako hivohivo, wanaijenga ndege yote mpaka inaisha, rangi, stika, kila kitu, afu ndo wanakaa wanajiuliza sasa hizi nyaya nazipitishaje. Mimi naona ukitaka kuijenga ndege ya namna hii ikakaa vizuri, inabidi uanze na nyaya kichwani kabla hata hujakata kipande cha kwanza kwenye fremu yake, ile ya plastiki inayokuja imeshika vipande, maana nyaya ndo ndege yenyewe, mabawa yanazifuata.

Nazungumzia BE2c ya Waingereza, skeli ya 1/72, yaani ndege halisi imepunguzwa mara 72. Ndugu yangu alikuja nayo likizo kutoka Uingereza akanipa zawadi, na niliifurahia kuliko zawadi nyingine kwa sababu hii ndege ilikuja huku kwetu. Vita Kuu ya Kwanza, mwanzoni mwa 1916, kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps, jeshi la anga la Uingereza la wakati ule, kile cha watu wa Afrika Kusini, kilishusha BE2c Mombasa zikaenda kufungwa Mbuyuni, pale kati ya Voi na Taveta, wakati jeshi la Jenerali Smuts, upande wa Waingereza, linajiandaa kuingia upande wa Kilimanjaro. Na kabla ya hapo, 1915, ndege nyingine za mabawa mawili, Caudron na Henri Farman, zilikuwa zinaruka kutoka kisiwa cha Mafia kwenda delta ya Rufiji kuitafuta ile meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye mikoko. Kwetu ni Rufiji, kwa hiyo mambo haya kwangu si historia ya mbali. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walikuwa angani wanazielekeza kwa redio zile meli za mizinga, Severn na Mersey, risasi zinaangukia wapi, ndege yao ikapigwa, na huku wanashuka Arnold bado anatuma masahihisho, wakaangukia majini wakaokolewa wazima. Ukishajua hilo huwezi tena kuiona ile mbao na kitambaa na waya kama kitu cha kuchezea.

Sasa nirudi kwenye nyaya. Kuna mzee mtaani kwetu alikuwa fundi wa ndege miaka mingi, amestaafu, nilimpelekea picha za BE2c nikamuamkia nikamuuliza mzee wangu hizi nyaya zote za nini, akachukua kalamu akachora mraba. Akasema mwanangu, mraba wa vijiti vinne ukiusukuma pembeni unalala, si ndiyo? Nikasema ndiyo. Akachora msalaba katikati, kona kwa kona, akasema haya usukume sasa. Ndo ishu yote hiyo. Nguzo za mbao zinasimama zinabeba mgandamizo, nyaya zinabeba nguvu ya kuvutwa, ukivichanganya unapata boksi jepesi ambalo halipindi. Baadaye nikaja kusoma kwamba aliyeleta wazo hili kwenye vyombo vya kuruka ni Octave Chanute, injinia wa madaraja wa Marekani, kwenye glaida yake ya 1896, ndege isiyo na injini, alichukua mbinu ya kujenga daraja la reli akaihamishia kwenye mabawa, na ndugu wa Wright wakaichukua kutoka hapo. Yaani BE2c ni daraja linaloruka.

Mzee akaniambia kitu kingine ambacho mpaka leo nikikaa mezani nakikumbuka, kwamba hakuna waya unaojitegemea, ni kama kitanda cha kamba, ukikaza kamba ya huku ya kule inasikia. Kwa hiyo huwezi kufunga upande mmoja ukamaliza afu uhamie wa pili, lazima uende kulia kushoto kulia kushoto, ukitoka katikati ya ndege kwenda kwenye ncha.

Zipo za aina tatu kati ya mabawa na ukizijua kwa kazi zake huhitaji hata kukariri mchoro. Za kwanza ni za kuruka. Ndege ikiwa hewani bawa linataka kupaa lenyewe liache kiwiliwili chini, kwa hiyo kuna nyaya zinatoka chini, kwenye shina la bawa la chini, zinapanda kwa mshazari mpaka kichwa cha nguzo ya nje zinalizuia bawa lisiinuke. Hizi ndo zinabeba maisha ya watu, ndo maana kwenye ndege nyingi za wakati ule zilifungwa mbilimbili, mmoja ukikatika na risasi mwenzake yupo. Za pili ni za kutua, zenyewe zinaenda kinyume, zinatoka juu katikati zinashuka mpaka mguu wa nguzo ya nje, kazi yake ndege ikiwa chini mabawa yasilale kwa uzito wake. Ukiitazama ndege kutoka mbele hizo mbili ndo zinapishana zinafanya msalaba. BE2c kila upande ina nguzo jozi mbili, kwa hiyo misalaba inakuwa kwenye vyumba viwili kila upande, yaani nafasi mbili zinazogawanywa na nguzo, na mbele na nyuma. Za tatu ni fupi, zinapishana kati ya nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma yake, utaziona ukiitazama ndege ubavuni, hizo zinashika mkao wa bawa lisijinyonge. Hizi za tatu ndo watu wengi wanazisahau, na kwa jicho linalojua zikikosekana ndege yote inaonekana imelegea hata kama huwezi kusema kwa nini.

Kwenye vifaa sasa. Hesabu kwanza. Chukua waya halisi wenye upana wa milimita 5, ugawe kwa 72, unapata kama 0.07, huo ni unene wa unywele. Uzi wa nailoni wa kuvulia, hata ule mwembamba wa milimita 0.10, kwenye skeli hii unakuwa sawa na waya wa milimita 7 na kitu, inaanza kuonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Kwenye skeli ya 1/48 nailoni ya 0.12 iko vizuri kabisa siipingi, ila kwenye 1/72 hapana. Njia ya zamani ni kuchukua kijiti cha plastiki kilichobaki kwenye fremu, unakizungusha juu ya mshumaa mpaka kinalainika, unakitoa kwenye moto, unakivuta taratibu pande mbili, kinatoka uzi mrefu mwembamba unavyotaka wewe, ukivuta haraka unakuwa mwembamba zaidi. Ni njia nzuri na haina gharama, tatizo lake ule uzi ni mkavu, ukiugusa na kidole umekatika.

Mpwa wangu ni msusi. Alikuwa amekaa ananiangalia navuta plastiki pale mshumaani akaniambia, mjomba, kwani rasta haifai? Akatoa fungu kwenye mkoba wake akachomoa unywele mmoja akanipa. Nikaupima, unakaribiana sana na ile 0.07, mrefu, imara, hauvunjiki, na una mng'ao fulani kama chuma ukiuchagua wa kijivu. Tangu siku hiyo natumia rasta kwenye 1/72 na sijaona sababu ya kuagiza kitu kutoka nje. Zingatia tu ile ya mawimbi haifai, chukua iliyonyooka, na kabla ya kuitumia ioshe na sabuni maana ina mafuta, gundi haishiki kwenye mafuta.

Biti za kutobolea, za milimita 0.3 na 0.4, nenda kwa mafundi wa simu na bodi za umeme wanazo, zinashikwa kwenye drili ndogo ya mkono unayoizungusha kwa vidole. Usiweke kwenye mashine, plastiki itayeyuka na biti itakatika. Kibano chenye ncha kali, lenzi yenye taa, bikari ya shuleni ile yenye ncha mbili za sindano, msasa laini, supaglu na gundi nyeupe ya mbao. Basi.

Mpangilio wa kazi ndo penyewe hapa, naomba uusome taratibu. Unashikiza vipande vyote bila gundi kwanza, kwa vipande vya utepe, unaiona ndege imesimama, unaweka alama ya penseli kila mahali waya unapoanzia na unapoishia. Afu unaifumua yote. Sasa unatoboa, bawa la juu unatoboa upande wa chini usitokeze juu, kina kidogo tu, bawa la chini vilevile upande wa juu, na pembeni mwa kiwiliwili. Toboa kwa mshazari kufuata mwelekeo ambao waya utakuja nao, ukitoboa wima waya utaingia umepinda shingo na itaonekana. Kutoboa kabla ya rangi kuna faida mbili, vumbi la plastiki haliharibu rangi, na rangi yenyewe ikiziba kitundu unakizibua kwa sindano sekunde moja.

Rangi unapiga ikiwa bado vipande vipande. Ndege za mwanzo za BE2c nyingi hazikupakwa rangi ya kijeshi, zilibaki na rangi ya kitambaa chenyewe, kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza na vanishi, inakuwa krimu yenye umanjano kidogo. Usitumie nyeupe. Mimi naanza na praima ya kijivu, nachora mistari myembamba ya kahawia pale mbavu za bawa zilipo, afu napiga krimu nyepesinyepesi mara kadhaa mpaka ile kahawia inabaki inachungulia kwa mbali, mwanga ukipita unaona kama kuna mbao ndani. Watengenezaji wa modeli pia wanapenda kuzichora mbavu zimesimama juu sana, zipitishie msasa zipungue, kitambaa kilichokazwa hakina matuta makubwa hivyo.

Kuna jambo la mkao siwezi kuliruka. BE2c ilisanifiwa pale Farnborough, kwenye kiwanda cha ndege cha serikali ya Uingereza, iwe tulivu hewani, injinia Edward Busk alifanya kazi kubwa kwenye hilo, rubani angeweza kuachia usukani ndege ikaendelea kuruka yenyewe, na utulivu huo sehemu yake unatokana na mabawa kuinuka kidogo kuelekea ncha na bawa la juu kusogea mbele ya la chini. Sifa hiyohiyo ikaja kuwaua vijana wengi wa Kiingereza 1915 walipokutana na Fokker, ndege za kivita za Wajerumani, maana ndege tulivu haigeuki haraka, na mwenye bunduki kakaa kiti cha mbele kazungukwa na nguzo na nyaya pande zote, anapiga wapi? Kwa hiyo ule mwinuko ukiukosea umeikosea ndege yenyewe. Nakata kadibodi nene vipande viwili vyenye umbo la mwinuko, naviweka chini ya mabawa ya chini, kiwiliwili kinakaa katikati, nashikiza na utepe, na hapo haisogei mpaka gundi ikauke usiku mzima. Bawa la juu nalo naliwekea nguzo za katikati kwanza, zile nne fupi juu ya kiwiliwili, nikihakikisha limekaa sawa ndo nazijaza nguzo za nje.

Wanaotumia nailoni kwenye skeli kubwa wao inabidi wagandishe nyuzi kwenye bawa la juu kabla ya kuliweka, zinaning'inia, afu bawa likishasimama wanazipitisha kwenye vitundu vya bawa la chini wanavuta na kugandisha. Kwa rasta sio lazima. Mimi napima umbali kwa bikari, kitundu mpaka kitundu, nakata unywele uzidi kidogo sana, nachovya ncha kwenye gundi nyeupe, naingiza juu, nauacha ushike, afu ncha ya chini. Gundi nyeupe inakupa muda wa kurekebisha na ikikauka haionekani. Supaglu kwa hali ya hewa ya Dar naitumia kwa uangalifu sana, unyevu unaifanya ishike haraka kuliko unavyotaka na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye rangi, kama lazima uitumie basi kitone cha ncha ya sindano na feni iwe inapuliza pembeni, isikupulizie kazi.

Na sasa kukaza. Chukua kijiti cha udi, kile chembamba cha kuchoma, ukiwashe ukizime moto ubaki mkaa mwekundu, uupitishe chini ya waya kwa umbali wa kama sentimita moja bila kugusa, utauona waya unajivuta wenyewe unanyooka. Ile plastiki ya mshumaani na nailoni nazo zinakubali udi. Anza na za kutua, zile zinazoshuka kutoka juu katikati, kisha za kuruka, kulia moja kushoto moja, na kila jozi ikishanyooka itazame ndege kwa mbele, nguzo zote zisimame mstari mmoja. Ukiona nguzo imeinama kidogo usiendelee, legeza kwanza. Za fupi kati ya nguzo na nguzo naziweka kabla ya hizi ndefu, kwa sababu ndefu zikishajaa mkono hauingii tena.

Kitu ambacho vitabu vya huko Ulaya havikuambii ni masika. Nailoni inanyonya unyevu na ikinyonya inarefuka. Modeli ya nailoni iliyofungwa kiangazi au chumba chenye ei-si, mvua za Aprili zikianza nyaya zinalegea zote, unaweza kudhani imepigwa na kitu. Nailoni basi ifungie siku yenye unyevu, kukiwa kukavu itajikaza zaidi. Rasta haisumbui hivyo. Nikiwaza hili nawakumbuka sana mafundi wa kikosi cha 26, maana nyaya za chuma hazinyonyi maji lakini mbao zinanyonya, kitambaa kinalegea, gundi ya wakati ule inalainika, kwa hiyo boksi lote linabadilika umbo na fundi inabidi akaze na kulegeza upya kwa vipimo ili mabawa yarudi kwenye pembe zake. Kutoka jua la Mbuyuni mpaka mvua za bonde la mto, ndege iko nje, hakuna banda la maana, na kesho asubuhi inatakiwa iruke. Sijawahi kusoma majina yao wengi, rubani ndo anaandikwa. Lakini bila mkono wa yule fundi mwenye spana hakuna bawa lingekaa pale juu.

Mwisho kuna nyaya za mkiani, za usukani na za kupandisha na kushusha pua, zinatoka ubavuni mwa kiwiliwili nyuma ya rubani zinaenda mpaka kwenye vipembe vidogo vya mkia. Hizi ni kamba za chuma za duara na zinakuwa nyeusinyeusi kwa grisi, tofauti na za mabawani. Kwa mabawani Farnborough walibuni waya bapa, mwembamba ukiutazama kwa mbele ili ukate hewa bila kuikwamisha, ndo maana kwenye picha za mbele nyingine karibu hazionekani ila za ubavuni zinang'aa. Kwa hiyo natumia rasta ya kijivu cha fedha katikati ya mabawa na nyeusi mkiani, jambo dogo lakini ukiziweka pamoja jicho linaona tofauti.

Ninayoiandaa sasa ni Henri Farman ya Mafia. Hiyo haina kiwiliwili cha nyuma, mkia umeshikwa na vyuma vinne vilivyo wazi na nyaya za msalaba ndani yake, injini iko nyuma ya rubani, yaani hapo hata mkia ni boksi la nyaya. Nimekwishachora msalaba kwa msalaba kwenye karatasi, mzee ameipitia akaongeza miwili niliyokuwa sijaiona kwenye picha.

Na kwa mwenye modeli tayari nyumbani, iweke ndani ya boksi la kioo au hata lile la plastiki la keki, mjusi akipita katikati ya nyaya hizi haubaki waya. Vumbi lifute kwa brashi laini ya poda ukifuata urefu wa waya, kutoka juu kushuka, usiende kwa kukatiza waya.